UCHAMBUZI: Mbio za masikio ya kioo zashika kasi, Afrika imesimama wapi?

MNAMO Mei 10, 2025, meli kubwa ya makasha iitwayo MSC Antonia ilikwama kwenye mwamba katika Bahari ya Shamu, karibu na bandari ya Jeddah nchini Saudi Arabia. Wachambuzi wa safari za meli waliokagua rekodi za mwendo wa chombo hicho walisema kulikuwa na dalili za kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS katika eneo hilo.

Mwezi mmoja baadaye, Juni 17, meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana katika Ghuba ya Oman. Umoja wa Falme za Kiarabu ulisema chanzo kilikuwa makosa ya uongozaji. Hata hivyo, mabaharia wa eneo hilo walikuwa wametahadharishwa siku hizo hizo kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakiingiliwa karibu na mlango wa bahari wa Hormuz.

Matukio ya aina hii yamezipa serikali za mataifa tajiri sababu ya kufungua mifuko. Zinasaka vifaa vinavyoweza kujua kilichopo na mahali kilipo bila kuomba msaada wa satelaiti. Vifaa hivyo havitumi mawimbi yoyote ambayo adui anaweza kuyaziba. Kazi yake ni kusikiliza tu.

Miongoni mwa vifaa hivyo vimo vihisi vilivyoundwa kwa kioo au silikoni, vingine vikiwa na upana usiozidi unywele wa binadamu, ambavyo hutumia mwanga kunasa sauti na uga wa sumaku. Wanasayansi huviita resoneta ndogo za mwanga. Katika meza yetu ya uhariri bado tunabishana kama neno sahihi ni "kihisi" au "kitambuzi", lakini ubishi huo hauzuii teknolojia yenyewe kusonga mbele.

Ni vyema msomaji aelewe kwanza jinsi vinavyofanya kazi, kwa maana bila hilo siasa zake hazieleweki.

Mnong'ono wa London

Ndani ya kuba la kanisa kuu la St Paul's jijini London kuna ushoroba wa mviringo wenye upana wa zaidi ya mita 30. Mtu akinong'ona huku amekaribia ukuta, mwenzake aliye upande wa pili humsikia vizuri, ilhali aliye katikati hasikii kitu.

Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh ndiye aliyefumbua fumbo hilo. Alionyesha, katika maandishi yake yaliyokamilika mnamo 1910, kwamba sauti haikati katikati ya kuba. Inaukumbatia ukuta na kutambaa kandokando yake. Mwanasayansi wa India, C.V. Raman, naye aliyachunguza makuba ya aina hiyo miaka ya 1920, likiwemo lile la Gol Gumbaz kule Bijapur.

Kinachowezekana kwa sauti kwenye kuba kinawezekana kwa mwanga kwenye duara dogo la kioo. Mwanga wa leza ukiingizwa katika ukingo wa kisahani au pete ya kioo safi, hunaswa na kuzunguka humo. Mwaka wa 2003, kikundi cha Kerry Vahala katika taasisi ya Caltech, Marekani, kilitangaza kwamba kimetengeneza pete kama hizo juu ya chipu ya silikoni. Kioo chake kilikuwa laini kiasi kwamba mwanga uliweza kuzunguka makumi ya maelfu ya mara kabla ya kufifia.

Hapo ndipo penye siri yote. Mwanga hukubali kuzunguka katika pete iwapo tu mzingo wa pete unalingana na idadi kamili ya mawimbi yake. Pete ikitanuka au kubanwa hata kwa kipimo kidogo kuliko upana wa atomi moja, ulinganifu huo huvunjika, na rangi ya mwanga unaokubalika hubadilika. Kwa kuwa mwanga umepita mahali pale pale mara elfu nyingi, badiliko ambalo lingepotea katika mzunguko mmoja hujikusanya hadi likaonekana.

Basi sauti inapokipiga kisahani, kisahani hutetemeka na mwanga hutoa habari. Kwa upande wa sumaku, ujanja ni kupaka au kupachika kwenye kisahani kipande cha madini yanayovimba yanapoguswa na uga wa sumaku. Madini yakivimba, kioo huvutwa, na kwa mara nyingine mwanga hutoa habari.

Madini yanayosifika zaidi kwa kuvimba huko huitwa Terfenol-D. Ni mchanganyiko wa chuma, terbiamu na disprosiamu. Silabi ya "nol" katika jina hilo inatokana na Naval Ordnance Laboratory, maabara ya silaha ya jeshi la wanamaji la Marekani, ambako mchanganyiko huo ulibuniwa. Nitarudi kwenye madini haya, kwa kuwa yanaihusu pwani yetu kuliko inavyodhaniwa.

Kutoka Queensland hadi Beijing

Kazi ya kuifanya pete ya kioo ihisi sumaku ilifunguliwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Mnamo 2012, kikundi cha Warwick Bowen na Halina Rubinsztein-Dunlop kilichapisha matokeo ya kihisi cha kwanza cha aina hiyo. Kiliweza kuhisi uga wa takriban nanotesla 400 kwa kipimo cha kawaida cha usikivu. Hicho kilikuwa kiwango cha chini. Uga wa ardhi yenyewe ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000, na wa moyo wa binadamu haufiki hata sehemu moja ya kumi ya nanotesla moja nje ya kifua.

Miaka miwili baadaye, kikundi hicho hicho kilikuwa kimefika pikotesla 200, yaani usikivu mara 2,000 zaidi. Pikotesla ni sehemu moja ya elfu ya nanotesla.

Mnamo 2024, rekodi ilihamia China. Kikundi cha Bei-Bei Li, katika Taasisi ya Fizikia ya Chuo cha Sayansi cha China jijini Beijing, kilitangaza pikotesla 1.68. Mtafiti huyo alikuwa amefanya kazi Queensland na jina lake linaongoza ripoti ya 2018 ya kikundi kile cha Australia. Wala hakuna jambo la ajabu katika hilo. Ndivyo sayansi inavyosafiri. Lakini linaonyesha kwamba katika uwanja huu elimu hubebwa na watu, na nchi isiyo na watu wake ndani ya maabara hizo haitapata hata fununu.

Katika upande wa sauti, Queensland ilitoa mwaka wa 2019 kisahani cha kioo kilichoning'inizwa kwa mihimili myembamba. Kilikuwa na usikivu mkubwa kiasi kwamba kelele iliyokizuia kusikia zaidi ilikuwa ile ya molekuli za hewa zikigongana nacho. Wavumbuzi walisema wanatumaini siku moja kukitumia kusikiliza mitetemo ya bakteria na chembe hai.

Ulaya nayo haikulala. Mnamo 2020, watafiti wa kituo cha Helmholtz mjini Munich, Ujerumani, walionyesha kihisi cha altrasaundi chenye eneo la kusikia la nanomita 220 kwa 500, dogo kuliko chembe ya damu. Mwaka uliofuata, taasisi ya imec ya Leuven, Ubelgiji, ilitoa chake chenye upana wa mikromita 20 na kusema kuwa kinashinda mara 100 vihisi vya kawaida vya ukubwa ule ule.

Ulinganisho huo wa mwisho ndio wenye uzito. Mashine za altrasaundi tulizozizoea hospitalini hutumia fuwele zinazotoa umeme zikibanwa, sifa ambayo ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waliigundua mnamo 1880. Ubaya wake ni kuwa fuwele ikipunguzwa ukubwa, na sauti yake hufifia. Kihisi cha mwanga hakina udhaifu huo kwa kiasi hicho, na vingi vinaweza kupangwa kwenye chipu moja.

Tusije tukapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa

Wapo waandishi walioyapokea matokeo haya kwa vigelegele, wakaandika kwamba nyambizi hazitakuwa tena na pa kujificha na kwamba hospitali zitatupa mashine zake kubwa za sumaku. Madai hayo yametangulia ukweli mbali sana.

Kwanza, pikotesla 1.68 ni usikivu wa kihisi kikiwa katika masafa yake ya juu kinayoyapenda, pale kinapotetemeka kwa urahisi. Moyo hupiga mara moja hivi kwa sekunde. Nyambizi hupita polepole. Kwenye masafa hayo ya chini, kelele za leza, za joto na za mitikisiko ya sakafu huwa nyingi, na usikivu huporomoka. Huu ndio mlima ambao vikundi vyote vinaupanda sasa.

Pili, vihisi hivi vina washindani walio mbele. Vifaa viitwavyo SQUID, vilivyobuniwa Marekani mnamo 1964, bado ni miongoni mwa vyenye usikivu mkubwa zaidi, ingawa kwa kawaida huhitaji kupozwa kwa heliamu hadi karibu nyuzi 269 chini ya sufuri. Mmoja wa mabingwa wa vifaa hivyo, John Clarke, ni miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2025.

Kadhalika kuna vihisi vya mvuke wa atomi. Mnamo 2018, Chuo Kikuu cha Nottingham na washirika wake wa London walivipachika kwenye kofia na kupima ubongo wa mtu huku akitikisa kichwa na kunywa chai. Kampuni ya Q-CTRL ya Australia ilitangaza Aprili 2025 kuwa imevitumia vihisi vya kundi hilo kuongoza safari kwa ramani ya sumaku ya ardhi bila GPS.

Tatu, sheria za maumbile hazina huruma. Uga wa nyambizi hupungua kwa mchemraba wa umbali. Ukienda mbali maradufu, unapata sehemu moja ya nane tu. Ndiyo maana ndege zinazowinda nyambizi kwa sumaku hulazimika kuruka chini na kuwa karibu nazo.

Kwa nini basi fedha zinaendelea kumiminwa? Jibu ni udogo, wepesi na gharama. Kihisi cha mwanga hakihitaji heliamu wala chumba maalumu kilichokingwa kwa tabaka za chuma. Hutumia nishati kidogo, hakisumbuliwi na mawimbi ya redio kama vilivyo vya umeme, na hutengenezwa kwa mitambo ile ile inayotengeneza chipu za simu. Anayeweza kutengeneza kimoja anaweza kutengeneza laki moja na kuvitawanya baharini, kwenye droni au kwenye bomba la mafuta. Mwindaji mmoja mwenye sikio kali na wawindaji laki moja wenye masikio ya wastani si kitu kimoja, na majeshi yanaijua tofauti hiyo.

Haishangazi kwamba Australia, Uingereza na Marekani, zilipoueleza kwa kina muungano wao wa AUKUS mnamo 2022, ziliorodhesha teknolojia za kwanta na uwezo wa chini ya bahari miongoni mwa maeneo ya kushirikiana.

Zahanati kabla ya manowari

Historia inatufundisha kuwa vifaa vya vita huishia wodini. Paul Langevin wa Ufaransa alitumia fuwele za Curie kusaka nyambizi za Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka ya 1950 mjini Glasgow, daktari wa akina mama, Ian Donald, aliyekuwa amehudumu katika jeshi la anga la Uingereza, aliazima mashine iliyokuwa ikitumiwa viwandani kutafuta nyufa katika chuma na kuielekeza kwenye matumbo ya wagonjwa wake. Ripoti yake ya 1958 ndiyo iliyoifungulia dunia njia ya kumwona mtoto kabla hajazaliwa.

Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza, tangu 2016, kila mjamzito apigwe picha hiyo angalau mara moja kabla ya wiki 24. Mama wa Marsabit au wa Tana River anayelazimika kusafiri kutwa nzima kuifikia mashine anaelewa umbali uliopo baina ya pendekezo na utekelezaji.

Tayari tumeona jinsi chipu inavyoweza kuufupisha umbali huo. Mnamo 2022, mamia ya wahudumu wa afya nchini walianza kupewa na kufunzwa kutumia vifaa vya mkononi vya kampuni ya Butterfly ya Marekani, vinavyotumia chipu ya silikoni badala ya fuwele na kuonyesha picha kwenye simu. Vihisi vya mwanga ni hatua inayofuata katika njia hiyo hiyo.

Lakini hapa ndipo pana mwiba, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayopasa kuwakosesha usingizi wakuu wa afya kuliko habari zote za nyambizi.

Matumizi ya kwanza yanayotarajiwa ya vihisi hivi hospitalini ni katika upigaji picha unaochanganya mwanga na sauti. Mgonjwa humulikwa kwa mmweko wa leza. Damu hunyonya mwanga, hupata joto kidogo, hutanuka na kutoa sauti ambayo kihisi huinasa. Alexander Graham Bell aliigundua sifa hiyo ya mwanga kuzaa sauti mnamo 1880. Mashine ya aina hiyo ya kuchunguza uvimbe wa matiti iliidhinishwa Marekani mnamo 2021, ingawa yenyewe bado inatumia vihisi vya kawaida.

Sasa tatizo ni kuwa si damu pekee inayonyonya mwanga. Melanini, ile rangi ya ngozi zetu, huunyonya pia. Kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo mwanga unaofika ndani unavyopungua, na ndivyo ngozi yenyewe inavyopiga kelele ya kuifunika sauti ya damu. Wahandisi wanalijua jambo hili na wanatafuta hesabu za kulirekebisha, lakini marekebisho hayo hutegemea ni nani aliyelala kwenye meza ya majaribio.

Hatuna haja ya kukisia madhara yake. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, kilichotegemewa na dunia nzima wakati wa Covid-19, nacho hutumia mwanga. Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kifaa hicho kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Wagonjwa hao walionekana wazima kwenye kioo cha mashine ilhali miili yao ilikuwa ikikosa hewa.

Vifaa hivyo vilikuwa vimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisubiri hadi Januari 2025 kutoa rasimu ya mwongozo unaotaka watengenezaji wavijaribu kwa watu wasiopungua 150 wa rangi mbalimbali za ngozi. Mwongozo uliotangulia, wa 2013, uliridhika na watu 10, wawili kati yao wakiwa weusi.

Yaani kosa la kupima liliingizwa kiwandani, likasafirishwa kwenye makasha hadi bandari ya Mombasa, na hapakuwa na maabara huku iliyoligundua. Kizazi kipya cha vifaa vya mwanga kingali katika hatua ya kusanifiwa. Huu ndio wakati ambao mtu anaweza kusema: nasi tupimwe.

Madini na vibali

Nirudi kwenye madini. Aprili 4, 2025, China, ambayo inatawala usafishaji wa madini adimu duniani, ilitangaza kuwa uuzaji wa aina saba ng'ambo utahitaji kibali. Terbiamu na disprosiamu zilikuwa miongoni mwa hizo saba. Oktoba iliongeza masharti mengine, kisha Novemba ikayaahirisha hayo ya nyongeza kwa mwaka mmoja baada ya mazungumzo na Marekani. Masharti ya Aprili hayakuwa sehemu ya ahirisho hilo.

Tangu wakati huo macho ya wanunuzi yamezidi kuelekea Afrika Mashariki: Ngualla nchini Tanzania, Makuutu nchini Uganda, na kwetu Mlima Mrima katika Kaunti ya Kwale. Mrima ni mlima wenye msitu ambao Wadigo wanauenzi kama kaya, na wenye kesi ndefu. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa mnamo 2013, na mwaka wa 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likaipa Kenya ushindi.

Wanasiasa wetu hupenda kuutaja mlima huo kwa mabilioni ya dola. Mwananchi anayesikia kuwa sumaku na vihisi vya kisasa vinahitaji madini adimu anaweza kudhani utajiri uko mlangoni. Ukweli una mikunjo zaidi. Miamba ya aina ya Mrima na Ngualla huwa na wingi wa madini adimu mepesi, kama neodimiamu, ambayo hutakiwa kwa mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Terbiamu na disprosiamu ni madini mazito, na huko hupatikana kwa kiasi kidogo. Udongo wa Makuutu ndio unaosifiwa zaidi kwa upande huo.

Isitoshe, kihisi kimoja hutumia chembe ya Terfenol-D isiyoonekana kwa macho. Hata vikitengenezwa kwa mamilioni, havitajaza lori. Rekodi ile ya Beijing ilipatikana kwa kutumia utando wa chuma, galiamu na boroni, bila madini adimu. Anayetarajia vihisi viujaze mfuko wa Kwale atangoja sana.

Thamani haiko kwenye chembe hiyo. Iko kwenye kukiunda kihisi, kukipima na kuamua ni nani auziwe.

Na hili la kuuziwa si la mzaha. Vihisi vya sumaku na vipaza sauti vya chini ya maji vyenye usikivu wa juu vimo katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na Mkataba wa Wassenaar, ulioundwa mnamo 1996 na mataifa yanayouza silaha na teknolojia yenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi. Barani Afrika, Afrika Kusini pekee ndiyo mwanachama. Chuo kikuu cha Kenya kikitaka kununua kihisi cha kiwango hicho kwa ajili ya kutafuta maji chini ya ardhi au mvuke wa Bonde la Ufa, serikali ya nchi ya muuzaji ina haki ya kuuliza kitatumiwa na nani, na kukataa.

Kwa hivyo njia ya kutegemea duka si njia. Ama tuwe na watu wanaoweza kujenga, ama tuwe na kitu ambacho wajenzi wanakihitaji kiasi cha kutukaribisha mezani.

Kwa upande wa kujenga, tusijidanganye wala tusijidharau. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayojishughulisha na chipu. Vyuo vyetu vina wanafizikia wa leza waliofunzwa vizuri. Kinachokosekana kinajulikana, na kiliandikwa na Bunge lenyewe. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema hazina ya taifa ya utafiti itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kutimizwa hata mwaka mmoja.

Kwa upande wa pili, wa kile wanachokihitaji, jibu ni sisi wenyewe. Watengenezaji wa vifaa vya mwanga watalazimika kuthibitisha kuwa vinafanya kazi kwa ngozi za rangi zote, na mwelekeo wa FDA unaonyesha kwamba masharti yatazidi kukazwa. Kenya ina hospitali za rufaa, ina madaktari wenye uzoefu wa majaribio ya chanjo na dawa, na ina Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ambalo ndilo lenye dhamana ya vipimo nchini. Kuanzisha kituo cha kuvijaribu vifaa hivi kwa wagonjwa wa Kiafrika, kwa masharti kwamba watafiti wetu wawe washirika na data ibaki nchini, kungegharimu sehemu ndogo sana ya kinachohitajika kujenga kiwanda cha chipu.

Mfano wa bara hili kuingia mapema upo. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, azimio lenyewe lilikuwa limewasilishwa na Ghana. Accra haikuwa na maabara ya kushindana na Beijing wala Queensland. Iliandika pendekezo, ikatafuta waungaji mkono, ikalipeleka New York.

Pendekezo kama hilo kuhusu majaribio ya vifaa vya mwanga, likielekezwa kwa WHO na kwa mamlaka za dawa, halihitaji leza wala heliamu. Linahitaji Wizara ya Afya, KEBS na vyuo vikuu kuketi pamoja kabla ya vifaa hivyo kuondoka maabara na kuingia kwenye makasha.